Jina Lako Likitokea na \u2019 Ndani Yake: Maana Yake Ni Nini?

Umewahi kutuma pesa, ukafika pale pa kuthibitisha jina la mpokeaji, halafu ukaona kitu kama hiki?

Wang\u2019ombe

Mteja wetu mmoja wa Isiolo alikwama hapo hapo, asubuhi ya siku ya soko. Yeye huuza mbuzi. Wanyama walikuwa washapakiwa kwenye lori la kwenda Kiamaiko, dereva anapiga honi, na mnunuzi yuko Nairobi, simu mkononi, tayari kulipa kwenye till ya huyu mama. Akaweka namba ya till, jina likatokea, akasimamisha kila kitu. Akampigia: "Mama, hili si jina la mtu. Hii till yako imechezewa. Mimi situmi pesa hapa."

Kusema kweli, alifanya vizuri kusimama. Kila siku tunawaambia someni jina kabla ya kuweka PIN, na yeye alisoma. Ila siku hiyo hakukuwa na tapeli. Aliyeharibu jina tulikuwa sisi. Ndiyo maana tumeona tueleze hapa, pole pole, hizo alama zinatoka wapi, lini usijali na lini ushtuke. (Jina halisi la mama hatulitaji. Wang'ombe tumelichukua kwa mfano tu, na ndiyo, tunajua aliuza mbuzi.)

Kwanza, ritifaa

Shuleni tulifundishwa kwamba kile kialama cha juu kwenye ng'ombe kinaitwa ritifaa, na wengine hukiita kibainishi. Kwetu si pambo. Ukikiondoa, ng' inakuwa ng, na neno linabadilika sauti. Kiko kwenye Ng'ang'a, kwenye Nyong'o, kwenye Wang'ombe. Kisomali nacho kinakitumia, ng'ombe kwa Kisomali huandikwa lo', na Kioromo kinakitumia kuonyesha sauti inayokatwa kooni. Na ukitoka Isiolo kuelekea Marsabit, mji unaoukuta njiani ni Archer's Post, kando ya mto Ewaso Ng'iro. Mji mmoja na mto wake, ritifaa mbili.

Sasa fikiria mtu anayeandika programu ya kutuma pesa. Kwenye lugha nyingi za programu, maneno ya kawaida hufungiwa ndani ya alama za kunukuu, ili kompyuta ijue maneno yanaanzia wapi na kuishia wapi. Tuseme anataka kuweka jina la biashara:

'Archer's Post'

Kompyuta inasoma alama ya kwanza, inasema hapa maneno yameanza. Inasoma Archer, inakutana na ritifaa, inasema basi, maneno yameisha. Halafu inabaki na s Post inayoelea, haielewi ni ya nani, na inakataa kazi nzima. Kwa kompyuta, ritifaa na alama ya kufunga ni kitu kimoja.

Dawa yake ni ya zamani. Mwandishi anaweka mkwaju uliogeuzwa, yaani \, mbele ya ritifaa:

'Archer\'s Post'

Huo mkwaju unaiambia kompyuta: hii inayofuata usiisome kama kawaida, ina maana nyingine. Hapa maana yake ni "hii ni ritifaa ya jina, hujafika mwisho". Wataalamu huita mbinu hii eskepu, kutoroka, kwa sababu alama inatoroka maana yake ya kawaida. Mkwaju huo uliingizwa kwenye orodha ya herufi za kompyuta na Mmarekani Bob Bemer mwaka 1961, na hadi leo kazi yake kubwa ni hiyo ya kutoa taarifa kwamba kinachofuata si cha kawaida.

Hapo ndipo ile \ ya kwenye simu ya mnunuzi ilikotoka. Bado u2019.

Kila herufi ina namba yake

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba. Ukiandika A, ndani inawekwa 65. Ukiandika a, inawekwa 97. Orodha ya kwanza iliyokubalika sana, ASCII, ilitolewa Marekani mwaka 1963, na ilikuwa na nafasi 128 tu. Zilitosha Kiingereza, na kwa bahati zinatosha Kiswahili. Hazitoshi Kimeru wala Kikuyu, ambavyo vina ĩ na ũ. Kiamhari ndiyo hakimo kabisa.

Mwaka 1991 ikatoka orodha nyingine, Unicode, iliyokusudia kuipa namba kila herufi ya kila lugha. Ina nafasi 1,114,112, na nyingi bado ni tupu. Humo ĩ ni namba 297 na ũ ni 361. Herufi za Kiamhari ziliingia mwaka 1999.

Sasa namba za Unicode haziandikwi kwa makumi na mamia kama tunavyohesabu pesa. Zinaandikwa kwa mafungu ya kumi na sita. Baada ya 9 hufuata A, B, C, D, E na F, ndipo unahamia tarakimu ya pili. Kwa hiyo 2019 iliyo kwenye jina la mama si mwaka, na si elfu mbili na kumi na tisa. (Mnunuzi wetu alidhani ni mwaka ambao till ilifungwa!) Hebu tuihesabu: tarakimu ya kwanza kushoto ni ya mafungu ya 4,096, ya pili ni ya 256, ya tatu ni ya 16, ya mwisho ni ya moja moja. Mbili mara 4,096 ni 8,192. Sifuri. Moja mara 16 ni 16. Tisa. Jumla ni 8,217.

Na namba 8,217 kwenye Unicode ni ya nani? Ni ya ritifaa. Lakini si ile uliyoizoea. Ni ritifaa iliyopinda, ’, yenye kichwa kizito na mkia. Ile nyoofu, ', ni namba 39 tu, ambayo kwa mafungu ya kumi na sita ni 27.

Basi \u2019 inasomeka hivi: mkwaju unasema "sikiliza", u inasema "inayokuja ni namba ya Unicode", na tarakimu nne zinasema ni ipi. Java, JavaScript na Python zote zinaielewa, na hata JSON, ambao ni mtindo ambao mifumo mingi ya malipo hutumia kupelekeana taarifa. Mtu akiandika kwenye Python

print("Wang\u2019ombe")

kioo kitaonyesha Wang’ombe. Msimbo umefanya kazi yake na umepotea.

Unaweza kuuliza, kwani si waandike hiyo herufi yenyewe waachane na mambo ya misimbo? Mara nyingi wanaandika. Ila safari ya pesa yako hupita kwenye mifumo mingi, mingine ya juzi, mingine ya zamani sana inayojua zile nafasi 128 peke yake. Herufi ngeni ikifika kwenye mfumo wa zamani, inaweza kugeuka alama ya kuuliza, au ikawa ’, ambayo bila shaka ushaiona mahali. Lakini \u2019 imeundwa kwa mkwaju, u na tarakimu, vitu ambavyo hata mfumo mzee unavijua. Inapita salama kila daraja, na inafunguliwa ikifika.

Neno la salamu kwa Kiamhari, ሰላም, unaloweza kulisikia Moyale barabara hii hii ya A2 inapofika mpakani, lina herufi tatu. Likisafiri kwa msimbo linakuwa \u1230\u120B\u121D. Alama kumi na nane kubeba herufi tatu. Ni mzigo mrefu, lakini hauvuji.

Emoji nazo ziko humo, ila nyingi zilikuja baadaye na zimekaa mbali sana kwenye orodha, kiasi kwamba tarakimu nne hazizifikii. Ile mikono iliyounganishwa, 🙏, ni 1F64F. Python inaiandika \U0001F64F, kwa U kubwa na tarakimu nane. Java na JSON huikata vipande viwili: \uD83D\uDE4F. Ukiona kitu kama hicho mwishoni mwa ujumbe wa mteja anayekushukuru, hajakutukana.

Tulikosea wapi

Tumesema msimbo hufunguliwa ukifika. Wa mama haukufunguliwa. Kwa nini?

Mama alipoomba namba ya till, fomu yake ilichapwa kwenye Microsoft Word. Word ina tabia ya kupinda ritifaa yenyewe: unabonyeza ' kwenye kibodi, yenyewe inaweka ’ kwa sababu inaona ndiyo inayopendeza. Baadhi ya simu pia hufanya hivyo. Jina likanakiliwa kutoka kwenye fomu likaingizwa kwenye mfumo na ritifaa yake iliyopinda, na hakuna aliyeona tofauti. Hata sisi kwa macho hatukuiona.

Sehemu moja ya mfumo ikalifunga jina kwa ajili ya safari: Wang\u2019ombe. Hapo hakuna kosa. Kosa likafanyika kwenye sehemu ya pili. Ilipokea jina hilo bila kulifungua, ikaona mkwaju, ikasema huu mkwaju ni sehemu ya jina, lazima niulinde. Na mkwaju unalindwaje? Kwa kuwekewa mkwaju mwingine mbele. Jina likawa:

Wang\\u2019ombe

Upande wa simu ukafungua mara moja, kama inavyotakiwa. \\ ikawa \, na u2019 ikabaki ilivyo, maneno ya kawaida tu. Ni kama mzigo uliotiwa kwenye gunia, halafu gunia likatiwa ndani ya gunia lingine. Aliyepokea Nairobi akafungua gunia moja, akaona gunia, akakataa kulipa.

Tumeondoa gunia la pili. Lakini kasoro hii huzuka tena kila mahali mifumo miwili inapounganishwa na watu wawili wasioongea, na hatuwezi kukuahidi hutaiona kamwe, kwetu au kwingine. Ukiiona katikati ya jina, pale ambapo ritifaa ingekaa, kuna uwezekano mkubwa ni hii.

Linaonekana sawa, lakini si sawa

Kuna sehemu ambayo inatusumbua zaidi kuliko msimbo unaoonekana, nayo ni ile isiyoonekana. Ukiiuliza Python kama majina haya mawili ni kitu kimoja:

"Wang'ombe" == "Wang’ombe"

inajibu False. Si kweli. Kwako wewe ni mtu mmoja. Kwa kompyuta, mmoja ana 39 na mwingine ana 8,217, na hawajuani. Kitambulisho chako kikiwa kimeingizwa na ritifaa nyoofu, na akaunti yako na iliyopinda, mfumo unaolinganisha majina unaweza kusema hayalingani. Ni hapo ambapo mtu anaenda kubadilisha laini iliyopotea, au kufuatilia pesa aliyotuma kwa namba isiyo yake, anaambiwa "jina lako halipatikani" ilhali analiona pale kwenye karatasi.

Kwa hiyo ukijaza fomu yetu yoyote, weka ritifaa nyoofu. Kwenye simu janja, shikilia kitufe cha ritifaa kidogo, zitajitokeza aina kadhaa uchague. Kwenye Word, ritifaa ikishapinda, bonyeza Ctrl na Z mara moja hapo hapo. Inarudi kuwa nyoofu na jina linabaki. Kama jina lako liliandikishwa bila ritifaa kabisa, Wangombe, na kitambulisho kinayo, njoo lirekebishwe kabla hujapata shida, si baada ya.

Wenye chama na vikundi, hili linawahusu pia kwa upande wa mfuko. SMS moja hubeba baiti 140. Kwa herufi za kawaida za simu, hizo zinatosha herufi 160. Ritifaa nyoofu imo kwenye orodha ya kawaida ya simu. Iliyopinda haimo, wala ĩ na ũ. Ukitia moja tu kati ya hizo, ujumbe wote unahamia mtindo ambao kila herufi inachukua baiti mbili, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Katibu anayewatumia wanachama tangazo la herufi 150 analipia SMS moja kwa kila mtu. Akilinakili kutoka Word likiwa na ritifaa moja iliyopinda, linakatwa vipande vitatu, na analipia tatu. Hatusemi msiandike Kimeru kwa herufi zake. Andikeni, ni haki yake. Tunasema msilipie mara tatu kwa sababu ya mkia wa ritifaa.

Lini ushtuke

Kuna mtu atasoma haya aseme, basi sasa kila jina lenye vituko nitume tu pesa. Hapana, subiri.

Msimbo kwenye jina si ushahidi wa wizi, na pia si ushahidi wa usalama. Ukiuona, usimalizie. Mpigie unayemlipa kwa namba yake unayoijua, msomee namba ya till tarakimu kwa tarakimu, na jina lote. Kama kila kitu kinaoana isipokuwa hicho kialama, ni kasoro. Kama hata herufi nyingine hazioani, acha.

Hila ya kweli mara nyingi haina msimbo unaoonekana. Herufi za Kirusi zina moja inayofanana kabisa na a yetu: а. Hiyo uliyoisoma sasa hivi ni ya Kirusi, namba 1,072. Yetu ni 97. Tapeli anaweza kuunda anwani ya tovuti yenye neno pesa ambalo herufi yake ya mwisho si a yetu, na jicho lako litapita juu yake kama mtu anayepita lango wazi. Hapa msimbo unakuwa rafiki. Neno la kweli likiandikwa kwa misimbo linabaki pesa. La uongo linakuwa pes\u0430, na limejianika. Vivinjari vya intaneti vina njia yao ya kufanya hivyo hivyo: anwani yenye herufi ngeni mara nyingi huonyeshwa ikianza na xn-- halafu herufi zisizosomeka. Ukibonyeza kiungo kinachodai ni cha huduma yako ya pesa, na juu kabisa ukaona xn--, toka.

Na la mwisho kwenye hili, kwa sababu washaanza. Kuna wanaopiga simu: "Tunapiga kutoka ofisini, jina lako lina misimbo, tupe PIN tulisafishe." Jina halisafishwi kwa PIN. Kila tulichoeleza hapa, kuanzia ritifaa hadi gunia la pili, hurekebishwa kwenye mifumo yetu, na hakuna hatua hata moja inayohitaji PIN yako. Tutakuomba kitambulisho, namba ya till, na ukiweza, picha ya kioo cha simu ikionyesha jina lilivyotokea. Hiyo picha inatusaidia sana, kwa sababu \u2019, &#8217; na ’ zote ni ritifaa ile ile iliyopinda, lakini kila moja inatuonyesha sehemu tofauti ya njia palipoharibika. Ya kwanza inatuelekeza kwenye JSON, ya pili kwenye ukurasa wa tovuti, ya tatu kwenye mfumo uliosoma baiti kwa orodha isiyo yake.

Mama wa mbuzi hakuwa na picha, ila mnunuzi wake alikuwa nayo, maana alikuwa amepanga kuituma polisi. Alituma kwetu badala yake. Tulipoona ile \u2019 tulijua pa kushika. Jina lilirekebishwa kwa mkono kwanza, ritifaa nyoofu, kisha mfumo ukafuata siku zilizofuata. Mnunuzi alijaribu kwanza na shilingi kumi, akasoma jina mara mbili, akampigia mama amsomee namba ya till tena. Halafu akatuma zote, na lori likaondoka.